Kabla shamba halijakatwa viwanja: mwongozo kwa mwenye ardhi Kiromo, Zinga, Kerege na jirani zake

Ukishavuka Mto Mpiji ukitokea Bunju, Dar es Salaam, mabango ya "Viwanja vinauzwa" yanakusindikiza Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo mpaka unaingia Bagamoyo mjini. Mengi ya mashamba hayo ni ya urithi: minazi miwili mitatu, mikorosho iliyozeeka, na watoto wa marehemu wanaotaka kila mtu apate chake. Na sisi tulikuwa hivyo hivyo. Mjomba alimwita dalali, dalali akaja na futi kamba na vigingi vya mti, kwa asubuhi moja shamba likawa viwanja kumi vya ishirini kwa ishirini. Vinne vikauzwa mwezi ule ule. Mnunuzi wa tano alipoleta lori la tofali ndipo tulipogundua kuwa halina pa kupita. Dalali simu yake haikupatikana tena.

Niliyoandika hapa ndiyo niliyojifunza katika kulinyoosha jambo lile. Ukitaka neno moja la kushika ni hili: uamuzi wa ardhi yako hufanyika kwenye mchoro. Bikoni, yaani mawe ya mpaka ya mpima, zikishachimbiwa, kikao kilishapita zamani.

Kwanza, jua uko chini ya nani

Bagamoyo ni mahali pa kuchanganya. Mjini kuna Mamlaka ya Mji Mdogo na vitongoji vyake. Ukitoka nje kidogo unaingia vijijini, na katikati yao kuna maeneo ambayo jana yalikuwa kijiji na leo yametangazwa kuwa eneo la mipango miji. Tofauti hiyo si ya jina tu. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayoisimamia, na haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Karatasi yake ni hati ya hakimiliki ya kimila. Eneo likishatangazwa kuwa la mipango, inaingia Sheria ya Mipango Miji, Namba 8 ya mwaka 2007, na hapo huwezi kukata ardhi vipande bila kibali cha mamlaka ya upangaji, yaani halmashauri yako. Haijalishi kama shamba ni la babu wa babu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtendaji wa kijiji au wa kata ni: "Hapa petu pameshatangazwa mipango miji, au bado ni ardhi ya kijiji?" Usitosheke na jibu la mdomo la mwenyekiti, hata kama ni mtu mwema na mmecheza bao pamoja miaka yote. Jibu la kufanyia kazi linatoka kwa afisa mipango miji wa halmashauri.

Malizaneni nyumbani

Hapa nitapita haraka, ingawa ndipo familia nyingi zinapokwama. Kama mwenye shamba ameshafariki, hakuna mtoto anayeweza kusaini peke yake, hata kifungua mimba. Anatakiwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni wa kupeleka mahakamani tu, haumpi mtu mamlaka ya kuuza. Kwa mirathi iliyopita Mahakama ya Mwanzo, karatasi ambayo ofisi zote zitakuuliza ni Fomu Namba 4. Kama mwenye shamba yu hai na ana ndoa, ridhaa ya mwenza iandikwe mapema. Mashangazi msiwasahau. Nimeona kiwanja kimejengwa hadi lenta, shangazi akashuka kutoka Tanga na kesi.

Uliza mchoro

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo niliyo nayo maneno mengi.

Shangazi yangu ndiye aliyekwenda ofisi ya ardhi mara ya kwanza. Kijana wa mezani akampokea vizuri.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuangalia ramani."

"Ramani ya wapi, bibi?"

"Ya shambani kwangu."

"Una namba ya kiwanja na kitalu?"

"Ningekuwa na namba, mwanangu, ningekuja kwako?"

Wakacheka wote, lakini bibi alirudi mikono mitupu, kwa sababu shamba ambalo halijapimwa halina namba ya kiwanja wala ya kitalu, yaani kundi la viwanja, ya kulitafutia. Kinachotakiwa ni majira ya pembe zake, yaani namba zinazoonyesha kila kona iko wapi kwenye ramani. Simama kila kona ya shamba, fungua ramani ya simu, andika zile namba mbili ndefu, halafu piga picha ya alama iliyopo pale, iwe mnyaa, mnazi au jiwe. Simu haina usahihi wa kifaa cha mpima, na usithubutu kupandia mpaka kwa namba hizo. Ila kwa kumwonyesha afisa ni upande gani wa Kiromo unaozungumzia, zinatosha sana. Safari ya pili shangazi alikwenda na karatasi yenye kona nne, wakakaa kwenye kompyuta, akaonyeshwa.

Ukifika mbele ya ule mchoro, usiulize tu "kuna tatizo?" Uliza hivi.

Eneo langu limepangwa kuwa nini? Mchoro huonyesha matumizi: makazi, makazi na biashara, taasisi, viwanda, eneo la wazi, makaburi. Shamba lako linaweza kuwa limeangukia penye shule bila wewe kujua, kwa sababu mkutano ulitangazwa wewe ukiwa Dar.

Barabara zipi zinapita au zinaishia kwangu? Angalia michoro ya majirani waliokwisha pimwa. Barabara yao ikigonga uzio wako na kukatika, jua mpangaji aliyeichora alitegemea iendelee kwako. Mchoro wako usipoipokea, utarudishwa.

Kuna hifadhi yoyote, yaani ukanda usioruhusiwa kujengwa? Barabara kuu na za mkoa, zile za TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, zina hifadhi ya mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Kwa upande wa bahari na mito, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60. Wenye mashamba ya Mlingotini na Mbegani mnaelewa maana yake, na mikoko mjue ni msitu wa hifadhi ya serikali, siyo vichaka vya kufyeka ili kiwanja kione bahari. Walio Mji Mkongwe wa Bagamoyo au karibu na magofu ya Kaole wana mlango mmoja zaidi wa kubisha, wa watu wa Mambo ya Kale.

Kuna mradi wa serikali? Hili kwa Bagamoyo si swali la kinadharia. Tangu mkataba wa awali wa bandari uliposainiwa mwaka 2013, watu wa Zinga, Pande na Mlingotini wanajua maana ya kuishi ndani ya ramani ya mtu mwingine. Ukiambiwa eneo lako limo, usikate wala usiuze. Uliza uthamini ulifanyika lini. Kwa sheria ya uthamini ya mwaka 2016, fidia inatakiwa kulipwa ndani ya miezi sita, na uthamini uliopita miaka miwili bila malipo hauna nguvu tena.

Andika tarehe uliyokwenda na majibu uliyopewa. Na kama jambo ni zito, kama lile la shule, peleka barua kwa mkurugenzi mtendaji wa halmashauri, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Maneno ya kaunta hayana muhuri.

Piga hesabu yako mwenyewe

Chukua karatasi. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Dalali anagawa kwa 400, anapata kumi, anafurahi. Tuchukue shamba letu, ambalo lilikuwa kama mita 100 kwa 40, na njia ya baiskeli ikipita upande mmoja mrefu. Safu mbili, viwanja vitano vitano, 20 kwa 20. Safu ya mbele inaangalia njia. Safu ya nyuma inaangalia nini? Mgongo wa safu ya mbele na ukuta wa jirani. Ndiyo maana lori lilikwama.

Mkipitisha barabara ya mita 10 katikati, kwa urefu wote, mmetoa mita za mraba 1,000. Kila upande unabaki na kina cha mita 15, na viwanja vyenu vimekuwa 20 kwa 15, yaani mita 300. Bado kumi, ila vidogo, na mpangaji ndiye atakayekuambia kama ukubwa huo unakubalika kwa eneo lako. Njia nyingine ni kuacha tamaa ya kumi na kukata vitano vya 20 kwa 40, vyote vikiangalia njia. Sisi kwa bahati mbaya tulikuwa tumeshauza vinne vya mbele, kwa hiyo chaguo hilo lilikuwa limekufa. Wewe bado unalo.

Halafu kuna ile njia ya baiskeli. Ikiwa leo ina mita 3 na mchoro unataka ifike 10, zile 7 za upungufu kwa kawaida hugawanwa na jirani wa ng'ambo, mita 3 na nusu kila upande. Zidisha kwa mita 100 za urefu: 350 umeziacha barabarani. Hakuna atakayekulipa kwa hizo, na ni karibu kiwanja kizima. Lakini kiwanja cha barabarani na cha kichochoroni havina bei moja, muulize yeyote anayeuza.

Familia ipatane juu ya hasara hii kabla ya kugawana. Kinachovunja undugu ni pale vipande vimeshaandikwa majina, halafu barabara ikaangukia cha mtu mmoja.

Tafuta mpangaji, halafu mpima

Ni watu wawili tofauti, ingawa kampuni moja inaweza kuwa nao wote. Mpangaji, yaani mtaalamu wa mipango miji, ndiye anayechora mchoro wa mgawanyo, ule ambao mtaani tunauita "tii pii". Mpima anakuja baadaye kuushusha ardhini. Wote wawili husajiliwa na bodi zao za kitaaluma, kwa hiyo omba namba ya usajili na uithibitishe. Mtu akikuambia atachimbia bikoni wiki hii na "mchoro utafuata", huyo muage kwa heshima.

Mkataba useme bei inaishia wapi. Maneno "kupima shamba" yana mifuko mingi: kuna mchoro, kuna idhini ya mchoro, kuna upimaji, kuna idhini ya ramani ya upimaji, kuna maandalizi ya hati. Lipa kwa awamu, na awamu kubwa ifungwe na idhini, isifungwe na kazi ya shambani.

Kikao

Mchoro unapita kwa afisa mipango miji wa halmashauri, unaingia kwenye kamati ya madiwani inayosimamia ujenzi na mazingira, kisha unapanda ngazi ya wizara kwa idhini, siku hizi kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa iliyoko Kibaha kwa sisi wa Pwani. Katika safari hiyo diwani wako ana kauli. Mwone kabla, na nenda na mchoro mkononi, usiende na malalamiko. Diwani anayejua kwamba barabara yako inaunganisha njia ya kwenda zahanati ana cha kusema kikaoni. Baraza la madiwani lenyewe hukaa kila robo ya mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuketi na kusikiliza. Nimekaa mara moja. Ajenda ya ardhi ilikuja baada ya saa tatu za mambo mengine, na walipoifikia nusu ya wasikilizaji walikuwa wamekwenda kula. Beba maji.

Kwa walio kijijini, mkutano mkuu unatakiwa kuitishwa walau kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 ana sauti pale. Ukienda, hakikisha hoja yako imeandikwa kwenye muhtasari kwa jina lako. Hoja isiyoandikwa ni sawa na iliyonong'onwa.

Ukiwa wewe ndiye jirani

Upande wa pili wa jambo. Umeamka, unakuta tangazo kwamba kiwanja cha jirani kinaombewa kubadilishwa matumizi kutoka makazi kuwa kituo cha mafuta au ukumbi. Tangazo lile limewekwa kwa ajili yako. Lina muda wa pingamizi ndani yake, na muda ukiisha, kulalamika kwako ni kwa kuumwa kichwa tu wakati wa muziki.

Pingamizi iandikwe, itaje namba ya kiwanja na kitalu, na ijikite kwenye matumizi ya ardhi. "Jirani yangu ana majivuno" haimo katika sheria yoyote. Lakini "njia inayoingia kiwanjani ina upana wa mita 6, na magari ya mafuta yatapita mbele ya shule ya msingi" ni hoja ambayo kamati inapaswa kuijibu. Majirani watano wakisaini barua moja yenye hoja tatu, inasomwa kuliko barua tano zenye hasira.

Kama ugomvi ni wa mpaka na si wa matumizi, njia ni nyingine. Anza Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu, na lina siku 30. Likishindwa linakupa cheti cha kusema limeshindwa, ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukiruka kata utarudishwa.

Siku ya bikoni

Uwepo mwenyewe, na waite majirani wa pande zote. Mpima mzuri ndiye atakayekudai uwaite. Bikoni ni jiwe la zege lenye chuma katikati na namba. Zunguka naye kona kwa kona, soma kila namba kwa sauti, mtu mwingine aandike, piga picha na kitu cha kudumu kikionekana nyuma. Kwetu mvua za masika zilifunika bikoni mbili kwa udongo, na picha yenye mbuyu nyuma ndiyo iliyotuonyesha pa kuchimba. Mfundishe pia kijana wa shamba kwamba lile si jiwe la kunolea panga: kung'oa bikoni ni kosa la jinai.

Kazi ya shambani ikiisha, ramani ya upimaji inapelekwa kuidhinishwa. Mpaka iidhinishwe, bikoni ulizonazo ni mawe tu. Nimeona watu wameuziwa "viwanja vilivyopimwa" ambavyo ramani yake haikuwahi kutoka kwenye begi la mpima.

Hati na kuuza

Kama shamba lilikuwa na hati moja, hati hiyo inarudishwa na kila kipande kinaombewa ya kwake. Kama halikuwa nayo, kila mmiliki anaomba kwa namba mpya ya kiwanja na kitalu. Miliki hutolewa kwa muda wa miaka 33, 66 au 99, na tangu hapo kila mwaka kuna kodi ya pango la ardhi, ambayo inategemea matumizi na mahali. Malipo yote ya serikali yanapita kwenye kontro namba, yaani namba maalumu ya kulipia. Fedha inayoombwa mkononi, hata kwa lugha tamu ya "ya chai ya faili", haina risiti, na isiyo na risiti italipwa tena.

Anayenunua, muuzaji akikwambia kiwanja kina hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone jina la nani limo na kama kuna mkopo wa benki juu yake. Muuzaji wa kweli hatakasirika. Na usilinganishe kiwanja na maneno ya bango, linganisha na namba iliyo kwenye bikoni.

Kwetu, ili barabara ipatikane, ilibidi turudishe fedha ya kiwanja kimoja cha mbele na kumbembeleza mnunuzi wa kingine amege mita chache. Mjomba alilipia kwa kuuza ng'ombe. Mchoro ulipopita, barabara ilipata mita 10 zake, na msimu uliofuata nikakuta mtu ameipanda mihogo katikati. Kwa hiyo ongeza na hili kwenye orodha yako: barabara ikishachorwa, ifyeke na ipitishe gari wiki hiyo hiyo, hata kama ni bajaji ya kuazima.